Mguu wa Msemaji

Jumatatu, 3 Novemba

Daftari hili nimelianza kwa kusukumwa. Fomu za jaribio la dawa zina safu za urefu, upana na kina cha kidonda, basi, lakini yule mtaalamu wa maabara, Tiresa, amepiga simu kutoka Auckland kusema kila nesi aandike pia mambo mengine anayoyaona, "hata ya kipuuzi, dada Lupesina, hasa ya kipuuzi." Haya. La kipuuzi la kwanza: gari la zahanati limegoma kuwaka, nimekwenda kijiji cha Sagalei kwa miguu kwenye mvua, na kiatu kimoja kimebaki topeni karibu na kanisa.

Mgonjwa ni Mzee Taliaoa, msemaji wa kijiji, yule anayetoa hotuba kwa niaba ya wazee. Kisukari miaka kumi na sita. Kidonda kipo mguu wa kushoto, kifundo cha nje, juu ya ule mfupa unaotokeza. Nimekiosha kwa maji ya chumvi kila siku ya Mungu tangu Aprili, na ninakijua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Leo: urefu sentimita 4.1, upana 3.4. Harufu ipo.

Barua ya hospitali ya Apia nimemsomea mimi. Wamempa wiki kumi na mbili za kujaribu kitambaa kipya cha kidonda. Tarehe 26 Januari kidonda kisipokuwa kimepungua nusu, mguu unakatwa chini ya goti.

Mzee akasema, "Nesi, msemaji husimama uwanjani peku. Miguu miwili na fimbo moja, jumla tatu. Wakiondoa mmoja nitakuwa stuli mbovu. Nani atasikiliza stuli mbovu?"

Mkewe, Mama Pelenatete, alikuwa akimenya magimbi upande wa nyuma. Hakugeuka. Huyu mama mimi simwelewi. Miezi saba hajawahi kukiangalia kile kidonda hata mara moja.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Kiatu kimepatikana, mbwa amekitafuna.

Alhamisi, 6 Novemba

Tiresa ameshuka feri ya asubuhi. Nilitazamia mtu mzima mwenye miwani, kumbe kabinti! Wazazi wake wa Apia, yeye kazaliwa Auckland, Kisamoa chake kinachechemea na anakiomba radhi kila baada ya sentensi mbili. Kabeba sanduku la baridi utadhani kabeba mtoto mchanga.

Ndani ya sanduku mna bahasha, ndani ya bahasha mna kijitambaa cheupe, chepesi mno. Nilikishika sikusikia kama nimeshika kitu.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, dada."

"Nimepoteza kiatu kwa ajili ya karatasi ya kupengea kamasi?"

Hakukasirika. Akatoa simu yake akanionyesha picha. Katikati palikuwa na kitu kama gogo la mnazi lililoanguka, na juu yake zimetandazwa nyuzi, nyuzi, nyuzi, huwezi kuzihesabu. Nikauliza gogo ni nini.

"Unywele wangu. Niliung'oa mwenyewe, tukaupiga picha juu ya kitambaa. Hizo nyuzi ndizo kitambaa. Ukizilaza mia mbili ubavu kwa ubavu, ndipo unapata upana wa unywele mmoja."

Mzee Taliaoa aliinyakua simu, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena. "Mama!" akamwita mkewe. "Njoo uone kazi ya watu!"

Mama Pelenatete akaja akifuta mikono. Yeye ni msukaji wa mikeka, bibi yake alikuwa msukaji, na vidole vyake vimepinda kwa kazi hiyo. Aliitazama ile picha muda mrefu. Akauliza jambo moja tu: "Nani ana jicho la kusuka hiki?"

"Hakuna anayesuka, Mama," Tiresa akasema. "Ni umeme. Dawa tunaichanganya na ute unaotoka kwenye magamba ya kamba wa baharini, tunatia kwenye bomba la sindano. Pale kwenye ncha linatokeza tone. Umeme mkali sana unalivuta lile tone. Linakataa, linakataa, mara linachomoka likiwa uzi. Linachapa hewani huku na huku, na kabla halijatua limeshakauka."

"Na dawa?"

"Imo ndani ya uzi. Mwili unautafuna uzi pole pole, dawa inatoka pole pole, siku tatu mchana na usiku. Ipo ya kuua vijidudu, ipo ya kuita mishipa ya damu irudi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Maisha yangu yote nimewala kamba. Leo wamekuja kunila wao!"

Masharti ni matatu. Kitambaa kisibanduliwe kabla ya siku tatu. Kidonda kisioshwe kila siku. Mahali pale pasibanwe na kitu chochote. Kwa hilo la mwisho tulicheka sote, kwa sababu Mzee Taliaoa hajavaa viatu tangu alipomzika mama yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya kwanza bila kuosha kidonda. Mikono inaniwasha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimebadilisha kitambaa baada ya ibada. Au niseme nimekitafuta, maana kile cha kwanza kilikuwa hakipo. Pembeni kimebaki ukoko, katikati kimeliwa chote, na pale kilipokuwa, harufu imekwisha. Nimeinusa pua karibu igonge. Haipo! Nikamwita Tiresa anuse na yeye. Tukabaki wawili tumeinamia mguu wa mzee wa watu kama mbwa wawili.

"Mkimaliza kuninusa," akasema Mzee, "niletewe koko."

Tukakaa, tukaletewa koko, kile kinywaji chetu cha kakao, akatutolea hotuba ya shukrani kuanzia mababu zake hadi mababu zetu. Ni saa nzima. Tiresa miguu ilikufa ganzi, akashindwa kuinuka.

Jumanne, 18 Novemba

Tiresa amerudi Auckland. Ameacha vitambaa arobaini.

Ijumaa, 21 Novemba

Urefu 3.6, upana 3.0. Sitaki kuandika kwa pupa, lakini nitaandika. Kitako cha kile kidonda miezi saba kilikuwa cha kijivu, kama nyama iliyosahauliwa juani. Leo ni chekundu. Chekundu chenye vichembe vichembe, kinang'aa, na nilipokigusa pembeni kwa pamba kilitoa damu mbichi. Nesi wa vidonda akiona damu ya namna hiyo anataka kuimba. Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi hii, nimefunga vidonda kwa bandeji, kwa asali, kwa majani ya bibi zetu na kwa sala. Sijawahi kuona mwili ukiitwa na ukaitika hivi. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani nikitazama mikono yangu mwenyewe, ngozi yake, nikajiuliza siku zote hizi ilikuwa ikifanya kazi gani bila mimi kuishukuru.

Jumapili, 30 Novemba

Mchungaji ameutaja mguu wa Mzee Taliaoa madhabahuni. Amesema Bwana aliyeyavisha maua ya kondeni ameteremsha vazi dogo kuliko yote kwa ajili ya mtumishi wake. Kanisa zima likageuka kumtazama Mzee. Mzee akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hana.

Mchana nimepita kwake. Watu! Wamejaa fale yote, nyumba yake isiyo na kuta, nguzo hadi nguzo, na wengine wamesimama nje mvuani. Kila mmoja na kapu lake la chakula, kila mmoja anataka kuuona "utando", ndilo jina walilokipa kitambaa. Mzee yupo katikati, anapokea, anajibu, anatania. Macho yanang'aa. Nilifurahi sana kumwona hivyo.

Jumatatu, 1 Desemba

3.7 kwa 3.1. Labda nimepima vibaya.

Alhamisi, 4 Desemba

3.6. Nilipima vibaya, basi.

Jumatatu, 8 Desemba

3.9 kwa 3.3. Sikupima vibaya. Ukingo umekuwa mweupe kama kidole kilichokaa majini, na upande wa chini kuna mstari mweusi. Mweusi!

Nimefungua kurasa za nyuma. Kila Alhamisi ni afadhali, kila Jumatatu ni balaa. Nikajiambia, Lupesina, Jumapili watu wanafanya nini? Wanakula. Magimbi, nguruwe, majani kwa tui zito, keki ya mchungaji. Nikamfuata Mama Pelenatete jikoni.

"Mama, Jumapili unamlisha nini?"

"Ulichoniandikia kwenye karatasi yako."

"Nilichoandika hakiozeshi mguu."

Aliweka kisu chini. "Unasema namlisha mume wangu sumu?"

"Nasema huyu mtu anakatwa mguu wiki saba zijazo na wewe huthubutu hata kuutazama."

Akaokota kisu akaendelea kukata majani. Nimeondoka na hasira zangu zote, na kipimo cha leo cha sukari ya Mzee kipo mfukoni: 6.8. Kizuri. Nimejiambia mashine ya kupimia ni mbovu.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimempigia Tiresa. Nimemwambia utando wake unachezea watu. Akasema kati ya wagonjwa wengine kumi wa visiwani, saba wanapona na watatu hapana, na usiku hapati usingizi kwa hao watatu. "Tafadhali, dada, kuna kitu tunakikosa. Angalia kila kitu, hata cha kipuuzi."

Mtoto wa watu alikuwa analia. Nikakata simu nikiwa nimejionea haya.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua. Mvua. Barabara ya daraja imezama.

Jumatatu, 15 Desemba

Naandika haya kabla sijabadilisha nguo za kazi.

4.0 kwa 3.4. Tumerudi tulikoanza. Nilikitoa kitambaa cha juu, kile kinene kinachofunika utando, nikataka kukitupa. Sijui kwa nini nilikigeuza kwenye mwanga. Upande wa nje palikuwa na vijimraba. Vidogo, vimejipanga safu kwa safu, kama vimechorwa kwa rula. Nikasema huu ni ufumaji gani, mbona vitambaa vingine havina? Nikainamisha macho nifikiri.

Chini yangu palikuwa na mkeka wa mkadi. Vijimraba vilevile.

"Mzee," nikasema pole pole, "jana walikuja wangapi?"

"Jana? Wachache tu. Kwaya. Wazee wa kijiji cha pili. Halafu jamaa za mama kutoka upande wa pili wa kisiwa."

"Ulikaa vipi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza hupumua vipi. "Nilikaa kama watu wanavyokaa."

Kama watu wanavyokaa! Mgeni akiingia, mtu hukunja miguu. Huwezi kumwelekezea mwenzio nyayo, ni tusi. Hata mtoto wa miaka mitatu huchapwa kwa hilo. Na ukikunja miguu, kifundo cha nje ndicho kinachokaa chini, na mwili wote unakaa juu yake. Mwenye hisia angejigeuza akiumia. Mguu wa Mzee Taliaoa hauna hisia, kisukari kiliziua zamani. Angeweza kukaa juu ya kaa la moto akihesabu nasaba za wageni.

Na kila sifa za utando zilivyoenea, wageni walizidi. Na kila wageni walivyozidi, mguu ulikandamizwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja na mwenyeji anaoza.

Kisha likanijia lililo baya zaidi. Mgeni wa kwanza ni nani? Nani anayekuja kila siku ya tatu, anafunga kidonda vizuri kabisa, halafu anakaa kunywa koko saa nzima, na mwenyeji wake amekunja mguu mbele yake kwa heshima? Mimi. Nesi Lupesina, mwenye cheti ukutani. Na kabla ya utando nilikuja kila siku, miezi saba. "Pasibanwe," alisema yule binti wa Auckland, na sisi tunaojua tukacheka tukifikiria viatu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Pelenatete kabla sijaenda kwa mumewe. Nimemkuta anasuka. Nimemwambia nilikosea, chakula chake hakina kosa, kosa ni ukaaji wetu, na mimi ni wa kwanza katika wenye kosa. Nimemwomba radhi.

Alisuka mistari miwili mitatu. Kisha akasema, "Mama yangu alikatwa mguu wa kulia. Baadaye wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vidonda. Sikuacha kutazama kwa kuwa sijali, Lupesina. Nimeshatazama vya kutosha."

Jamani. Na mimi nilivyomsema. Nilikaa nikamshikia ncha ya mkeka.

Baadaye nikamwambia Mzee anyooshe mguu mchana kutwa, awepo mtu asiwepo mtu. Ngoma ikawa nzito.

"Nimnyooshee mchungaji nyayo?"

"Funika kwa mkeka, Mzee. Wangapi hufunika?"

"Wazungu hufunika. Vikongwe hufunika. Msemaji anayekaribisha watu kwa niaba ya kijiji akiwa amelala kama kiboko? Siku hiyo cheo kimeondoka, na mguu haujakatwa bado. Heri wakate."

"Basi wageni wasije."

"Wageni wasije! Hebu rudi barabarani, nesi, nadhani umeiacha akili yako huko."

"Mzee, una wiki sita."

"Nami nina miaka sabini na moja ya kukaa hivi." Na akakunja mguu mbele yangu, makusudi, akinitazama machoni. Nilitoka sikunywa koko. Nimelia njiani, nasema kweli. Dawa imesafiri bahari, nyuzi ambazo jicho halizioni zinapigania mguu wa mtu usiku na mchana, na zinashindwa na adabu.

Jumatano, 17 Desemba

Sikwenda. Nina hasira.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekwenda. Nimefunga, nimeondoka. "Koko?" akauliza. "Hapana." Ameumia, nimeona.

Jumapili, 21 Desemba

Leo nimeona jambo ambalo nikiishi miaka mingine sitini sidhani kama nitaliona tena.

Baada ya ibada walikuja wakubwa: Fuatavai, mkuu wa kijiji, pamoja na mchungaji na wazee sita. Nilikuwa hapo kwa bahati, nimepitia kubadilisha kitambaa. Wageni wakaingia, wakakaa wameegemea nguzo zao, kila mtu na ya cheo chake. Nikamwona Mzee Taliaoa anaanza kuuvuta mguu aukunje.

"Uache," akasema Mama Pelenatete.

Fale nzima iligeuka. Yule mama hasemi mbele ya wazee, hata salamu humtoka kwa kunong'ona. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kifurushi mikononi. Akakifungua. Ulikuwa mkeka mwororo, ule wa heshima, unaotolewa kwenye mazishi na harusi za wakubwa, laini kama hariri, una manyoya mekundu kwenye pindo. Bibi yake aliusuka miaka minne. Kijiji kizima kinaujua. Ndio mkeka ambao Mama Pelenatete amesema siku zote atazikwa nao.

Akapiga magoti. Akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili, akaunyoosha mbele, unyayo ukamwelekea mkuu wa kijiji. Kisha akautandaza ule mkeka juu yake, kuanzia gotini hadi vidoleni, akausawazisha pindo kwa kiganja kama anavyotandika kitanda.

"Mkeka huu ulikuwa unaningoja nife," akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Nimeona nisiuchoshe. Anayeuhitaji yuko hai."

Mvua tu juu ya paa. Mbele ya mkeka wa namna ile huwezi kusema mtu amekosa adabu, maana hakuna kitu cha heshima kuliko huo cha kumfunikia. Na huwezi kumwambia akunje, maana utakuwa umemwambia autupe. Mzee Taliaoa, mwenye jibu kwa kila kitu, alikuwa ameutazama tu mkono wa mkewe uliobaki juu ya mkeka.

Fuatavai akasogea mbele kwa magoti, mzee mzito yule, akaushika upindo akaugusisha kwenye paji la uso wake. Akarudi kwenye nguzo yake. Akakaa. Akajikuna shingo.

"Mama," akasema, "hakuna mkeka wowote wa kawaida hapo nyuma? Goti hili linaniua tangu siku niliyopewa cheo."

Kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia mbele ya wakubwa. Mchungaji akaomba wa kwake. Wazee wawili wakaomba. Dakika kumi baadaye nusu ya baraza la kijiji cha Sagalei limenyoosha miguu chini ya mikeka ya kulalia, wanaugulia kwa raha, na Mzee Taliaoa akaanza hotuba yake ya kuwakaribisha akiwa ameegemea nguzo, mguu mbele. Alisema vizuri kuliko siku zote. Machozi yalikuwa yananitoka nami nikijifanya natafuta mkasi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wageni wengi. Mguu umenyooka.

Jumatatu, 29 Desemba

Jumatatu ya kwanza ambayo ni afadhali kuliko Alhamisi yake. 3.7 kwa 3.1. Sikutaka kusema mpaka niwe na hakika; leo nimempigia Tiresa nikamweleza habari ya ukaaji. Kwanza hakuelewa, kisha akapiga ukelele. Wale watatu wengine wasiopona, wawili vidonda vyao vipo kifundoni. Manesi wao wanapigiwa simu leo hii.

Jumatatu, 5 Januari

3.4 kwa 2.8. Mstari mweusi umejibandua wenyewe, chini yake pekundu.

Jumapili, 11 Januari

Tiresa kapiga. Mmoja wa wale wawili, mama wa kisiwa kingine, habari imemkuta amechelewa. Walimkata Ijumaa. Utando hauna nguvu za Mungu. Mwili unaitwa, na wakati mwingine hauna tena wa kuitika. Nimemwombea kwa jina lake.

Jumatano, 14 Januari

Redio inasema kimbunga. Hakikuja.

Jumatatu, 19 Januari

3.0 kwa 2.5. Nimekokotoa mara nne. Bado kidogo tu kufika nusu, na imebaki wiki moja. Mzee hakuuliza na mimi sikumwambia.

Jumatatu, 26 Januari

Daktari wa Apia alisema atapiga saa nne kamili. Alipiga saa nne kamili, nami nilikuwa bado nafungua kitambaa, simu nimeibana kwa bega.

"Nesi, kitanda chake kiko tayari kesho. Feri inatembea?"

"Subiri, daktari."

"Nina wagonjwa wengine."

"Nimesema subiri."

Nikaweka rula. Ukingo umebadilika, kuna utepe wa rangi ya waridi unaotambaa kuelekea ndani, mwembamba, unang'aa kama ndani ya kombe la baharini. Hiyo ni ngozi mpya. Niliyaona mambo haya kitabuni nikiwa mwanafunzi, na kwa mguu kama huu sikuamini nitayaona. Urefu 2.8. Upana 2.3. Nikazidisha kwenye kiganja changu kwa kalamu. Mara ya kwanza nikakosea, nikafuta kwa mate. Mwanzo ilikuwa kumi na tatu nukta tisa. Leo sita nukta nne. Nusu ni sita nukta tisa.

Mzee na mkewe walikuwa wananitazama mdomo.

"Daktari," nikasema, "kile kitanda mpe mtu mwingine."

Mama Pelenatete alijifunika uso kwa khanga yake ya kiunoni akaanguka magotini. Mzee aliendelea kunitazama. "Rudia," akasema, "nimesikia, lakini rudia."

Jumanne, 3 Februari

2.2 kwa 1.8.

Jumanne, 17 Februari

1.3. Mvua zinapungua.

Jumatatu, 2 Machi

0.6 kwa 0.4. Punje ya mahindi. Mama Pelenatete alikuja akachuchumaa kando yangu, akatazama. Alitazama muda mrefu, jinsi alivyoitazama ile picha ya nyuzi. Kisha akapitisha kidole chake kilichopinda kuzunguka ile ngozi changa, karibu kabisa bila kuigusa. "Hakuna mshono," akasema. "Imeanzia wapi?"

Nikamwambia sijui, na ni kweli.

Jumatatu, 16 Machi

Jua tangu asubuhi. Nilifungua kitambaa, na chini yake hapakuwa na kitu cha kufunga.

Nimepitisha rula kwa kuwa fomu inataka rula. Kwenye safu ya urefu nimeandika 0. Upana, 0. Kina, 0. Mahali penyewe ni laini, pamekunjamana kidogo, rangi imepauka kama kiganja cha mtoto. Nilipabonyeza kwa kidole gumba. Pakawa peupe, halafu damu ikarudi. Nikabonyeza tena, si kwa kazi, kwa kutaka tu kuiona ikirudi.

Chini kabisa ya fomu kuna nafasi ya maelezo ya nesi, mistari mitano. Nilikaa nayo muda. Nilitaka kuandika habari ya tone linalokataa mpaka likawa uzi, na habari ya mkeka, na ya mama yule wa kisiwa kingine. Mwisho nikaandika neno moja.

"Umeandika nini?" Mzee Taliaoa akauliza. Alikuwa amejilaza, mguu ameunyoosha kuja kwangu.

"Nimeandika: ngozi."

"Soma tena."

"Ngozi."

Akafumba macho. "Tena, mwanangu."

Nikamsomea tena.